Utando wa Kijani Pangoni

Bweni la Uzamili, Chuoni
Tarehe 3 Februari

Mama Watoto,

Nimefika salama. Begi nalo limefika, ila kishikio kimebaki mikononi mwa utingo wa basi, na alivyokuwa mkali sikukidai. Chumba changu kina kitanda, meza, kiti kimoja na dirisha linalotazama tangi la maji. Jirani yangu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Siku ya kwanza alinifungulia mlango wa darasa kwa adabu zote akidhani mimi ndiye mhadhiri, nami nikaipokea heshima kimyakimya mpaka nilipokwenda kukaa naye benchi moja. Sasa darasa zima linaniita Mzee wa Mbele, kwa kuwa nikikaa nyuma sioni ubao.

Kabla ya lolote lingine, asante. Nilishajua nitazeekea pangoni nikiongoza watalii, tochi yangu mkononi, mpaka uliposema, "Nenda kasome hiyo shahada ya uzamili, wageni nitawaongoza mimi." Meneja wa pango alicheka, eti mtu wa usafi wa vyumba hotelini ataongozaje watu gizani. Wewe ukamwambia giza hulijui lakini wageni unawajua. Nimelikumbuka jibu hilo njia nzima.

Sasa nina ombi. Nilidhani usimamizi wa utalii ni kujifunza kutabasamu vizuri zaidi. Kumbe sivyo. Msimamizi wangu, mwanamama ambaye wote tunamwita Profesa, aliniuliza swali moja tu nilipokuja kwenye usaili: mahali panaweza kubeba wageni wangapi kabla hapajaharibika? Nikamtajia pango letu. Akanieleza kwamba zile taa za ndani, pamoja na joto la pumzi za watu, huotesha utando wa kijani ukutani, na utando huo hulila jiwe polepole. Wageni wakizidi, taa huwaka muda mrefu, na kijani huenea. Tasnifu yangu itapima jambo hilo.

Vile vibandiko vya namba ulivyoniona nikivibandika ukutani ndivyo vituo vyangu. Kila mwisho wa mwezi piga picha kwenye kila kibandiko, soma kipimajoto, niandikie idadi ya wageni. Kadi ya picha itie kwenye bahasha pamoja na barua, maana mtandao wa huko unapanda na kushuka kama homa. Mkono wako ndio maabara yangu.

Nisalimie watoto na Mama.

Wako,
Mzee wa Mbele


Nyumbani
Tarehe 1 Machi

Mzee wa Mbele (nimelipenda, nalichukua),

Sisi wazima. Watoto wanakula kama walioahidiwa njaa kesho, na mama yako anasema mwanaume kurudi shule akiwa na mvi ni sawa na kurudi tumboni, ila anakuombea kila asubuhi kwa sauti kubwa ili nami nisikie.

Kundi langu la kwanza lilinitoa jasho. Nilifika ule ukumbi mkubwa na maneno yote uliyonifundisha yakayeyuka. Watu wananitazama, mimi nawatazama. Basi nikasema kama nilivyozoea kule hotelini: "Karibuni, hii ndiyo sebule. Kushoto ni bafu, maji yanatiririka mchana na usiku, hakuna bili. Kulia ni chumba cha popo, wamelala, tafadhali msigonge mlango." Wakacheka mpaka pango likaitikia. Sasa nasema hivyo kila siku, na wageni wanaambiana. Meneja aliyenicheka amenunua viatu vya mpira zaidi kwa ajili ya wageni wangu.

Picha zako hizo, na vipimo hivyo. Usiwe na wasiwasi kuhusu mahali pako pa kazi. Nilipoingia na kuona hali yake nilishika kichwa, nikajiuliza mlikuwa mnaishije humo! Nimepaweka sawa. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji awe ameshapanga nyumba.

Soma, baba. Ya huku niachie.

Mkeo,
Mama Watoto


Bwenini
Tarehe 14 Aprili

Mama Watoto,

Keti kwanza ndipo usome. Umeketi?

Nimezipanga picha zako za Februari na Machi mezani, chini ya zile nilizopiga mwenyewe kabla sijaondoka. Wageni wameongezeka kwa sababu ya sebule na bafu lako. Taa zinawaka muda mrefu zaidi. Kwa kila kitabu nilichosoma, kijani kilipaswa kuenea. Kimepungua! Kituo cha tatu, kilichokuwa kibaya kuliko vyote, sasa jiwe linaonekana jeupe. Nilidhani nimechanganya picha, nikazirudia, ni zilezile.

Nilimpelekea Profesa. Akavua miwani, akaivaa, akasema, "Ama wewe una pango linalojitibu, ama sisi wengine tumekuwa tukiandika hadithi." Ameniomba nizungumze mbele ya idara. Vijana walinipigia makofi, na yule jirani yangu akasema Mzee wa Mbele sasa yuko mbele kweli.

Haya yote ni kwa sababu yako. Kila nikifungua bahasha yako na kuona ulivyoandika tarakimu zako kwa unadhifu, moyo unajaa. Kuna wenzangu hapa wanalipa watu wawakusanyie taarifa na bado wanaletewa uongo. Mimi nina mke. Nikifaulu, mahafali ya Novemba utakaa safu ya kwanza, na viatu nitakununulia mimi.

Nakushukuru sana, mke wangu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo.

Mzee wa Mbele


Nyumbani
Tarehe 20 Mei

Mume wangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Mama. Pale penye makofi aliniomba nirudie, kisha akaenda kwa jirani kukopa chumvi ambayo tunayo, ili apate pa kuisimulia.

Nilimwambia na Meneja, nisingeweza kunyamaza. Baba Watoto, ungeona uso wake! Pango halidhuriki na wageni, tena limethibitishwa chuoni! Hapo hapo akawapigia simu wenye mabasi ya watalii. Kuanzia Desemba anataka makundi asubuhi, mchana na jioni, na taa mpya hadi kule ndani kabisa. Shahada yako haijafika lakini mabasi yake yameshaanza safari.

Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika, na huo nimeutafuta mwenyewe. Sikukuambia mapema usije ukasema najichosha. Kila asubuhi kabla ya wageni naingia na brashi na ndoo, nasugua ukuta kibandiko hadi kibandiko, ule ukijani wote, mpaka jiwe ling'ae. Wenzangu wa zamani hotelini wananigawia dawa ya kuondolea madoa. Mara ya kwanza ilinichukua wiki nzima, sasa ni kupitisha mkono tu. Nilijiambia picha za mume wangu hazitakwenda kwa maprofesa zikiwa chafu, watasema mkewe hajui kazi. Kwa hiyo wakikupigia makofi tena, moja liwe la brashi yangu.

Unakula? Uliandika habari ya viatu vyangu lakini ya chakula chako hukuandika.

Mama Watoto


Bwenini
Tarehe 9 Juni

Mama Watoto,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nakuomba uache kusugua ukuta. Nimeuliza hapa, wanasema dawa ile ikitumika mahali pasipo na hewa huharibu kifua. Usiuguse tena hata kwa kidole. Kijani kikirudi, kiache kirudi, usijali wageni watasema nini. Picha endelea kupiga kama kawaida.

Halafu, mahafali ya Novemba sitawahi. Profesa ameniongezea kazi kidogo, mambo ya kawaida ya uzamili. Mwambie Meneja asiharakishe mabasi, matokeo yangu hayajaiva.

Mimi nakula vizuri. Asante kwa kila kitu. Kweli, kwa kila kitu.

Wako


Nyumbani
Tarehe 11 Julai

Baba Watoto,

Barua yenyewe fupi, na hata jina lako la Mzee wa Mbele hukutia sahihi. Mimi nimekaa nawe miaka mingi, nakujua ukikohoa unataka kusema nini.

Nimeacha kusugua. Kijani kimerudi. Napita na wageni najisikia kama mtu aliyefumwa na vyombo vichafu. Jana mama mmoja alikigusa akauliza ni rangi gani hiyo, nikamwambia ni pazia. Kifua changu hakijawahi kuuma hata siku moja, nami sikumbuki lini ulianza kukihofia.

Novemba ilikuwa uhakika. Makofi yalikuwepo. Ghafla "kazi kidogo". Mama anasema mwanaume akiongeza muda wa safari, ameongezewa na mtu. Nilimwambia anyamaze, lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Basi nakuuliza wazi, maana sijui kuzunguka: huyo Profesa ana umri gani?

Vipimo hivi hapa. Vya kweli, kama siku zote.

Mama wa watoto wako


Bwenini
Tarehe 19 Julai

Mke wangu,

Profesa ana wajukuu sita na goti bovu. Mwambie Mama kwamba huyo ndiye mwanamke pekee anayeniongezea muda, na hunigombeza kila tukionana.

Najua barua yangu ilikuwa kavu. Nivumilie. Hakuna mtu, hakuna jambo la aibu, kuna kazi tu. Nikikwambia nakushukuru sasa zaidi ya nilivyokushukuru Aprili, utaniamini?

Mzee wa Mbele


Nyumbani
Tarehe 16 Agosti

Mzee wa Mbele,

Goti lake ni bovu kweli. Nimelishika mwenyewe nikimpandisha ngazi za pango.

Alikuja Jumamosi kama mgeni wa kawaida, kalipa kiingilio, kavaa viatu vya mpira. Sikumjua. Alicheka penye sebule, akacheka penye bafu, nikasema huyu bibi ana roho safi. Tulipofika kituo cha tatu akasimama. Akainua tochi yake juu, pale ambapo sisi wengine hatutazami. Nami nikatazama. Baba Watoto, ukuta umekatwa mstari! Chini kijani ni chembamba, kipya. Juu ya mstari ni kinene, cheusi kabisa, hakijaguswa tangu taa ziwashwe.

"Nani aliyesugua hapa?" akauliza.

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Nyoosha mkono wako, mama."

Nikanyoosha. Vidole vyangu viligota kwenye mstari ule ule.

Akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka akajifuta macho. "Basi wewe ndiye mke wa mwanafunzi wangu. Nilijua nitakukuta, sikujua nitakukuta ukutani." Kisha akagundua kwamba mimi sicheki, kwamba sijui lolote. Akanishika mkono, akanieleza taratibu. Kwamba pango halikujitibu. Kwamba ulikuwa unapima brashi yangu. Kwamba barua yangu ya Mei ilipofika ulimwendea siku hiyo hiyo, ukamwambia makofi yale hayakuwa halali yako, ukakubali kuanza upya. Na ukamwomba jambo moja, nisitajwe popote. Eti kosa ni lako, hukunieleza vizuri.

Nilitamani ardhi inimeze, na tayari nilikuwa chini yake.

Kisha nilikasirika. Miezi miwili umeniacha nikimfikiria vibaya bibi wa watu! Ungeniambia tu, "Mke wangu, umeniharibia," ningelia siku moja yakaisha. Mimi si yai.

Lakini usiku ule, kila nilipojaribu kuendelea na hasira, nilikuwa nakuona umekaa peke yako kwenye kile kiti kimoja, unatunga uongo wa kifua ili mimi nisijisikie vibaya. Ulipoteza mwaka, ukaogopa nisije nikapoteza furaha yangu ya kukusaidia. Sijui mwingine ambaye angenifanyia hivyo. Asante, na usirudie tena.

Sasa tuanze. Siugusi ukuta. Mikono inaniwasha, lakini siugusi. Ukitaka nikupimie hata pumzi za popo, sema.

Mama Watoto

Profesa alipopita nyumbani, Mama alimwomba radhi. Profesa hakujua ya nini, akasamehe tu.


Bwenini
Tarehe 22 Januari

Mama Watoto,

Mezani nina picha za nusu mwaka za ukuta ambao haujaguswa na mkono wa mtu. Sitakuzungusha, nimeshajifunza. Kijani kimeenea kwenye kila kituo. Siku za makundi makubwa ya Desemba kilienda mbio, na kituo cha tatu jiwe limeanza kulainika. Profesa anasema ukilikwangua kwa ukucha litatoka unga.

Jibu la haki ni moja. Pango lifungwe miaka miwili, taa zote zitolewe, na likifunguliwa waingie wachache, kwa tochi. Ofisi ya utalii imeshaomba nakala, na Profesa anasema wataifuata.

Lakini nikiliandika hilo, nakufukuza kazi kwa mkono wangu. Wewe uliyeacha cheo chako hotelini ili nisome. Mimi nami sitakuwa na pa kurudi. Watoto wana shule, Mama ana dawa zake. Naweza kuandika "wageni wapunguzwe kiasi". Si uongo mkubwa. Hakuna mtahini atakayeshtuka, shahada nitaipata ile ile, na Meneja atapunguza basi moja akae kimya.

Siku ile nyingine niliamua peke yangu ukanikasirikia, na ulikuwa na haki. Leo nakuuliza. Niandike lipi?

Mumeo


Nyumbani
Tarehe 30 Januari

Mume wangu,

Barua yako na Meneja vilinifikia siku moja. Amesikia ofisi ya utalii inasubiri tasnifu. Ameniahidi, nikikushawishi ulegeze ile sentensi moja, atanifanya mkuu wa waongoza wageni wote, na mshahara juu yake. Akaniambia, "Mumeo atakusikiliza wewe." Hapo hakukosea.

Kwa hiyo nisikilize. Nilikwenda kituo cha tatu jana, nikakwangua kwa ukucha kama ulivyosema. Unga ulitoka. Nikakumbuka watoto wetu walivyolelewa kwa kazi ya pango hili, na nyumba tunayolala, na hata hiyo shahada yako. Limetupa yote hayo na sisi hatukulipa kitu zaidi ya kulipaka dawa ya madoa.

Kazi ya usafi haijawahi kuniisha duniani, vyumba vichafu vipo tele. Nimeshawauliza hotelini. Cheo changu amepewa mwingine, nitaanza chini, na mwingine huyo mimi ndiye niliyemfundisha kutandika. Tutacheka.

Andika lifungwe. Uliandike wazi, mtu asije akasoma akadhani umesema lingine.

Mama Watoto


Bwenini
Tarehe 17 Aprili

Mama Watoto,

Nimetoka kwenye utetezi wa tasnifu sasa hivi, bado nimevaa tai.

Watahini walikuwa watatu. Walinibana kwenye takwimu, nikajibu. Walinibana kwenye nusu ya kwanza ya picha, nikawaeleza habari ya brashi bila kuficha, maana Profesa aliniambia kwamba pale pangoni ulimpa ruhusa nikutaje, na walicheka kama yeye alivyocheka. Kisha mtahini wa nje, mzee mmoja asiyecheka, akafunga kitabu changu akauliza, "Je, mtafiti ana maslahi yoyote binafsi katika matokeo haya?"

Nikasema ninayo. Nikasema mke wangu ndiye anayeongoza wageni katika pango hilo, na ofisi ikifuata pendekezo langu, atapoteza kazi.

 Akaniuliza, "Yeye anajua ulichoandika?"

Nikasema, "Nilitaka kulegeza. Yeye ndiye aliyenikataza."

 Mzee akafungua tena kitabu, akatia sahihi, akampa mwenzake.

Mke wangu, nimefaulu. Watu wamenipa mikono, yule jirani yangu kijana amenibeba mgongoni hadi mlangoni na nusura aniangushe. Nami nilichokuwa nikiona ni wewe, kila asubuhi umesimama mbele ya ukuta unaoota uchafu, wewe ambaye huwezi kupita penye kikombe kichafu, umefumbata mikono na kuuacha. Nimekushukuru kwa mengi uliyonifanyia. Hilo ulilojizuia kulifanya ndilo lililonipa shahada.

Nakuja.

Mzee wa Mbele


Nyumbani
Tarehe 2 Mei

Baba Watoto,

Barua hii utaikuta umeshafunga begi, na pengine utaisomea kwenye basi.

Amri ya ofisi ilifika juzi. Meneja hakutaka kuja, alinitumia funguo tu nifunge mimi. Mama ameniambia nisikae sana humo, kuna baridi. Jumatatu naanza hotelini, ghorofa ya pili, na yule niliyemfundisha ameshanitengea sare mpya.

Nilianza kuzima taa kutoka ndani kabisa, nikija nje moja moja. Nilipofika ya mwisho, kabla sijatoka, nilisimama nikageuka. Nikasema asante. Nilijiona kama mjinga, mtu mzima nazungumza na giza. Kisha nikasema tena, kwa sauti, nikafunga lango.

Mkeo